Taa ya RAM haizimi, na fundi anasema zote zimekufa

SWALI

Ndugu washauri, habari za kazi.

Nina steshenari ndogo hapa Ujiji, Kigoma. Nachapa, natoa kopi, napiga picha za pasipoti, na msimu wa maombi ya mikopo ya wanafunzi ukifika sina hata nafasi ya kukaa. Kompyuta ya zamani imechoka, ukifungua kurasa nne za intaneti inaganda. Nikaamua ninunue vipuri Dar, mdogo wangu aziunge hapa. Vilikuja kwa basi, kila kimoja kwenye boksi lake, isipokuwa mazabodi, yaani bodi kuu: muuzaji alishaifunga prosesa pamoja na feni yake, akisema ananipunguzia kazi.

Vyenyewe ni hivi: mazabodi ya B550 yenye sloti 4 za RAM (kumbukumbu ya muda), prosesa Ryzen 5 5600G, pawasaplai ya wati 550, diski ya SSD ya GB 500. RAM mpya ni vipande 2 vya GB 8, DDR4, pakiti moja. Muuzaji akaniambia pia ana vipande 2 vya GB 16 vilivyotumika, bei haifiki nusu ya vipya. Nikavichukua, nikijua nitafika GB 48.

Mdogo wangu alichomeka vyote 4. Tulipowasha, feni zikazunguka, taa zikawaka, lakini kioo cheusi, kinasema hakipokei kitu. Kwenye kona ya mazabodi kuna taa ndogo ya njano iliyoandikwa DRAM, hiyo haizimi. Kila baada ya kama nusu dakika mashine inajizima na kujiwasha. Tukatoa vile vya zamani, tukabakiza vipya 2 kwenye sloti 2 zilizo karibu na prosesa. Hola. Tukabakiza kimoja tu, ikawaka! Tukaingia BIOS (mipangilio ya bodi yenyewe, kabla ya Windows), mdogo wangu akaona imeandikwa spidi 2133 wakati stika ya RAM inasema 3200, akasema tumeuziwa feki. Akawasha XMP, akahifadhi, akazima, akarudisha na kipande cha pili. Tangu siku hiyo ni giza, hata tukibakiza kimoja.

Fundi wa mtaa wa Mwanga alikuja, akazisugua RAM kwa raba ya penseli, akapuliza sloti kwa mdomo, mwisho akasema zote 4 zimekufa, zile za zamani ndizo zimeziua mpya, na huenda mazabodi nayo imeondoka. Anataka shilingi 60,000 aanze kupima. Muuzaji anasema nipakie kila kitu kwenye basi nimrudishie.

Stika ya vile vya zamani imeandikwa 16GB 2Rx4 PC4-2400T-RA1-11. Ya vipya imeandikwa DDR4-3200 CL16 1.35V.

Ni kweli RAM moja inaweza kuua nyingine? Nirudishe, nimlipe fundi, au kuna jambo tunaweza kulifanya wenyewe? Bisibisi tunayo, na mdogo wangu ana mkono mtulivu.

Mama Steshenari, Ujiji

JIBU

Dada, weka hiyo 60,000 kwanza, na usipakie kitu kwenye basi. Katika barua yako hakuna dalili hata moja ya RAM iliyokufa. Tunachokiona ni makosa matatu yaliyopandana, kila mlipoondoa moja lingine likabaki, ndiyo maana mashine inaonekana kama maiti.

Tuanze na ile mara moja ilipowaka, maana hiyo ndiyo habari njema kuliko zote. Kompyuta ikishafika BIOS hata kwa dakika moja, imewafutia kesi watuhumiwa wengi. Pawasaplai inatoa umeme wa kutosha. Waya wa umeme wa prosesa, ule wa pini 8 juu kushoto ya bodi, umechomekwa. BIOS inaitambua prosesa, jambo ambalo si la kudharau, kwa sababu bodi za B550 zilizotoka kiwandani kabla ya 5600G kuingia sokoni mwaka 2021 hazikuijua mpaka BIOS ipandishwe toleo. Waya wa kioo uko kwenye tundu sahihi, na 5600G ina sehemu ya kutoa picha ndani yake. Ingekuwa 5600 isiyo na G, tundu la picha la mazabodi lisingetoa chochote bila kadi ya video, na watu wengi hupoteza wiki nzima hapo wakilaumu RAM. Na la mwisho, angalau kipande kimoja cha RAM ni kizima.

Sasa vile vya zamani. Soma tena stika yao, taratibu: PC4-2400T-RA1. PC4 maana yake DDR4. 2400 ni spidi. Herufi ya kuangalia ni ile R inayofuata baada ya kistari. R ni RAM ya seva. Ya kompyuta ya mezani huwa na U mahali hapo hapo, na ya laptopu huwa na S. Geuza kipande chenyewe ukitazame: katikati, kati ya safu za chipu nyeusi kubwa, kuna chipu moja ya peke yake yenye umbo tofauti. Hiyo ndiyo inayoleta shida. Kwenye kompyuta ya mezani, prosesa hutuma amri moja kwa moja kwa kila chipu ya RAM. Kwenye RAM ya seva amri hupokelewa kwanza na ile chipu ya katikati, ndipo zigawiwe kwa nyingine, ili seva iweze kubeba vipande vingi bila prosesa kuelemewa. Ryzen ya mezani haina mpango wa kuongea na mpokeaji wa namna hiyo. Itasubiri jibu, halitakuja, itajizima na kujaribu tena, usiku kucha ukiiacha.

Balaa ni kwamba kwa DDR4 pengo la kwenye ukingo wa RAM ya seva liko mahali palepale kama la RAM ya kawaida. Inaingia vizuri, komeo inafunga, hakuna kinachokuonya. Na kwa kuwa ukizichanganya na nzuri mashine yote hugoma, mtu hudhani zimeziua zile nyingine. Hazikuua. Zinatumia volti 1.2, ile ya kawaida ya DDR4, na kukaa pamoja kwenye bodi hakuunguzi kitu. Ziondoe, zifunge kwenye mfuko wake, zisiguse tena bodi hii. Kwa bei ya chini ya nusu sasa unajua kwa nini: seva zikistaafishwa huko nje, RAM zake huuzwa kwa mafungu, na wauzaji wengine hawajui wanachouza.

Kosa la pili ni sloti. Mlichomeka vipya kwenye zile 2 zilizo karibu na prosesa, na kwa macho ndivyo inavyoonekana sawa, lakini sivyo. Ukihesabu kuanzia kwenye prosesa, sloti huitwa A1, A2, B1, B2. Vipande 2 vinakaa A2 na B2, yaani ya pili na ya nne, moja inaachwa wazi katikati. Kipande kimoja kinakaa A2. Majina hayo yameandikwa kwa herufi ndogo sana juu ya bodi, mulika kwa tochi ya simu.

Sababu yake ni hii. Kila chaneli, yaani jozi ya sloti A au jozi ya B, ina njia moja ya nyaya inayotoka kwenye prosesa, inapita sloti ya kwanza na kuishia ya pili. RAM ikikaa mwisho wa njia, ishara inafika na kumezwa. Ikikaa ya kwanza, kile kipande cha njia kilichobaki mbele yake hakina kitu, ishara inagonga mwisho na kurudi kama mwangwi kwenye nyumba tupu. Kwa spidi ndogo mwangwi huo unavumilika, na ndiyo maana kipande kimoja kiliwaka kwa 2133. Kwa 3200 unaanza kufuta maneno. Mlivyokuwa mmepanga, vipande vyote viwili vilikuwa kwenye chaneli A, na chaneli B imelala. Kwa prosesa yako hilo ni hasara zaidi kuliko kwa nyingine, kwa sababu sehemu ya picha ya 5600G haina RAM yake, inakopa hii hii. Chaneli mbili huipa njia mara mbili.

La tatu ni XMP, na hapa mdogo wako asilaumiwe sana, kwa sababu 2133 ikionekana ghafla inatisha. Lakini si feki. Kila kipande cha RAM hubeba kijichipu chenye maelezo yake, na humo mna mipangilio miwili: wa tahadhari, ambao bodi yoyote huuanzia, kwa DDR4 aghalabu 2133, 2400 au 2666 kwa volti 1.2, na ule wa stika, 3200 kwa volti 1.35, ambao haufanyi kazi mpaka uuwashe kwa mkono wako. Huo wa pili ndio XMP. Bodi nyingine za AMD huuita DOCP. Kwa hiyo alichokiona ni RAM mpya inayojitambulisha kwa unyenyekevu. Alichofanya ni kuiambia ikimbie kwenye njia yenye mwangwi, akahifadhi, na bodi imekumbuka agizo hilo. Bodi nyingi zikishindwa mara 3 au zaidi hujirudisha zenyewe kwenye mipangilio ya tahadhari. Nyingine hazifanyi hivyo, hasa ukizikatia umeme katikati kila mara, na kwa maelezo yako ndivyo ilivyokuwa.

Basi kazi ya kwanza ni kuifanya bodi isahau.

Zima swichi ya ukutani, chomoa waya wa umeme kabisa, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie sekunde 10. Feni zinaweza kutikisika kidogo, hiyo ni akiba ya umeme iliyobaki inamalizika. Laza boksi ubavuni (lile mtaani wengi wanaliita CPU, ingawa CPU ni kile kipande cha prosesa tu). Gusa chuma kitupu cha boksi kwa mkono kabla ya kugusa bodi, na urudie kila ukiondoka na kurudi. Tafuta pini 2 zilizosimama pekee, zimeandikwa CLRTC, JBAT1 au CLR_CMOS kutegemea aliyeitengeneza bodi. Mara nyingi ziko ukingo wa chini au karibu na betri. Zigusishe zote mbili kwa ncha ya bisibisi bapa, hesabu mpaka 10, toa. Usipozipata, toa betri ya duara, CR2032, kwa kubonya kijikomeo chake pembeni, iache nje dakika 10 huku waya wa umeme ukiwa bado umechomolewa, irudishe upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Mkiwa na betri nje, ipimeni: mpya ina volti 3 au zaidi kidogo, ikiwa chini ya 2.7 nunua nyingine.

Toa RAM zote. Bandika plasta au karatasi ya gundi kwenye kila kipya, andika 1 na 2. Bila alama hizo, baada ya kubadilisha mara nne hamtajua kipi kilikuwa wapi, na mtaanza upya.

Chukua namba 1, ukiweke A2. Hapa ndipo wengi wanakosea, nasi tukae kidogo. Pengo la kwenye ukingo haliko katikati kabisa, upande mmoja ni mrefu kidogo. Lilinganishe na kijinundu cha ndani ya sloti kabla ya kusukuma. Bodi nyingi za siku hizi zina komeo upande mmoja tu, ule mwingine umefungwa, kwa hiyo ingiza kwanza upande uliofungwa ukae sawa, halafu weka dole gumba kila mwisho na usukume chini kwa pamoja. Inataka nguvu kuliko unavyodhani. Bodi itabonyea kidogo, na hilo si kosa. Komeo lazima lijifunge lenyewe kwa mlio wa "tak". Ukilifunga wewe kwa kidole, RAM haijaingia. Kisha weka jicho usawa wa sloti na umulike. Ukingo wa DDR4 umechongwa kwa mkunjo mdogo, katikati umeshuka kuliko pembeni, ili iingie kwa urahisi. Matokeo yake ni kwamba katikati inaweza kuonekana imezama vizuri wakati mwisho mmoja umebaki juu kwa unene wa ukucha. Kuna miguso 288, na hiyo ya pembeni isipogusa, taa ya DRAM haitazimika hata RAM iwe na afya gani. Usione dhahabu yoyote juu ya sloti, na mstari wa juu wa kipande uwe sambamba na sloti toka mwanzo hadi mwisho.

Rudisha umeme, washa, kisha kaeni mbali na kitufe. Kwa dakika 3 nzima msiguse chochote. Bodi iliyosahaulishwa huanza kuipima RAM upya: hujaribu muda wa kutuma na kupokea data, ikikosea inasogeza kidogo na kujaribu tena, na katika kazi hiyo inaweza kujizima na kujiwasha mara 2 au 3. Mkikata umeme sekunde ya 20 kwa sababu kioo ni cheusi, mnairudisha mwanzo. (Wenye bodi mpya zaidi za DDR5 wasubiri zaidi ya hapo. Kuwasha kwa mara ya kwanza kunaweza kuchukua dakika 10 au zaidi RAM ikiwa nyingi, na wengi wamerudisha bodi nzima dukani kwa sababu ya kukosa subira.)

Ikiwaka itakuambia mipangilio imefutwa, ingia BIOS, weka tarehe na saa, usiguse XMP. Zima, chomoa, toa namba 1, weka namba 2 A2 hiyo hiyo. Kikiwaka pia, vipande vyote viwili ni vizima. Kisha jaribuni kimoja kimoja kwenye B2. Mwisho, 1 kwenye A2 na 2 kwenye B2 pamoja. Kila mara jambo moja tu linabadilika.

Namna ya kusoma matokeo: kipande kinachogoma kwenye kila sloti wakati mwenzake anawaka, hicho kibovu, na kwa kuwa viliuzwa pakiti moja, vyote viwili virudi pamoja. Lakini kama vyote vinawaka A2 na vyote vinagoma B2, RAM hazina kosa. Hapo angalieni upande wa prosesa.

Na hili la prosesa tunalitaja kwa sababu ya muuzaji wako na ukarimu wake. Mazabodi iliyosafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwa basi huku feni nzito imening'inia juu ya prosesa imetikiswa vya kutosha. Prosesa za AM4, jamii ya hiyo yako, zina pini kwa chini, 1331, laini kama nywele ngumu, na miongoni mwake ziko zinazobeba chaneli A na nyingine chaneli B. Pini chache zikipinda, chaneli moja inakufa na nyingine inaendelea. Tazameni kwanza kama skrubu za feni zimekaza sawa pande zote. Iliyokazwa upande mmoja tu huinamisha mzigo, ilegezeni na kuikaza kwa zamu, kona kwa kona, nusu mzunguko kila mara. Hilo peke yake wakati mwingine huirudisha B2. Kama haikusaidia ndipo mvue feni. Msiivute juu moja kwa moja, kwa sababu pesti (ile iliyopakwa kati ya prosesa na feni) ikikauka huishika prosesa na kuing'oa ikiwa bado imefungwa, na hapo ndipo pini hupinda kweli. Izungusheni kushoto na kulia polepole mpaka iachie, ndipo muinue. Inueni kile kijiti cha pembeni, toeni prosesa, mulikeni pini kwa ubavu: safu zinatakiwa zionekane zimenyooka kama mistari ya mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Iliyoinama hunyooshwa kwa bomba la penseli ya kubonyeza, lile la risasi nyembamba, risasi ikiwa imetolewa. Kurudisha feni kunataka pesti mpya, kiasi cha punje ya njegere, baada ya kufuta ile ya zamani. Kama hamna pesti, msivue, subirini mpate.

Tunaamini hamtafika huko.

Vipande vyote viwili vikiwaka pamoja, bado hatujamaliza. Kuwaka si kuwa mzima. RAM yenye kasoro ndogo huwaka vizuri, kisha faili ya mteja inaharibika katikati ya kuhifadhi, au Windows inagoma kusakinika kwa kosa lisiloeleweka. Kabla ya kuweka Windows, tumieni ile kompyuta ya zamani kupakua Memtest86+, programu ya kupima RAM, ni ya bure na faili lake ni dogo kiasi kwamba bando halitalia. Liwekeni kwenye flashi kwa programu ya Rufus (kila kilichomo kwenye flashi kitafutika, hamisheni kwanza). Kwenye BIOS zimeni Secure Boot, chagueni flashi hiyo iwe ya kuanza. Jaribio litaanza lenyewe. Liacheni usiku kucha, lizunguke si chini ya mara 4. Umeme ukikatika katikati hakuna kinachoharibika, anzeni tena. Jambo ambalo umeme haupaswi kukatika katikati yake ni kupandisha toleo la BIOS, kwa hiyo hilo msilifanye kabla hamjawa na UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika), na kwa sasa hamlihitaji.

Asubuhi mkute makosa 0. Hata kosa 1 ni kosa, wala msikubali kuambiwa ni kawaida. Mstari mwekundu ukitokea, pimeni kipande kimoja kimoja kwenye A2 mjue chenye tatizo, na mpige picha skrini hiyo. Muuzaji hawezi kubishana na picha kama anavyobishana na maneno.

Ikiwa safi, ingieni BIOS, washeni XMP sasa, RAM zikiwa A2 na B2. Prosesa yako inaruhusiwa rasmi kwenda hadi DDR4-3200, kwa hiyo hamuilazimishi kitu. Pimeni tena usiku mwingine. Makosa yakitokea kwa XMP tu na sio bila XMP, shusheni spidi mpaka 2933 mkiacha mengine kama yalivyo. Una sababu ya kurudisha RAM isiyofika namba iliyoandikwa juu yake, ila kwa kazi ya steshenari hamtaona tofauti kati ya 2933 na 3200, na sisi tungeiacha hapo tuendelee kuhudumia watu.

Kuhusu raba ya penseli: kwa RAM iliyokaa miaka kwenye vumbi, mafundi huitumia na mara nyingi husaidia kwa sababu inatoa uchafu ulioganda. RAM mpya haina cha kusuguliwa, na raba huacha vipunje vinavyoangukia ndani ya sloti. Kupuliza kwa mdomo ndiyo mbaya zaidi, ni kunyunyizia mate. Kama mnataka kusafisha, tafuteni alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, pamba au kitambaa kisichoacha nyuzi, futa kuelekea upande mmoja, acha dakika 5 zikauke. Vitakasa mikono hapana, vina gundi yake. Spiriti ya kidonda nayo hapana. Aina nyingine zake huwa na mafuta. Na vipunje vya raba vilivyoko sasa hivi kwenye sloti vitoeni kwa brashi kavu ya rangi, ndogo, safi, kabla ya kuchomeka chochote. Tungeanza na hilo.

Zile 2 za seva mrudishie muuzaji kwa maneno machache: "Hizi ni R, nilihitaji U." Akiwa anajua kazi, sentensi hiyo inamtosha. Zifungwe kwenye mfuko wake wa kijivu unaong'aa, si nailoni ya kawaida, katikati ya makaratasi ndani ya boksi gumu. Hicho ndicho pekee kinachopanda basi. Siku ukitaka kuongeza RAM, mwambie akutumie picha ya stika kwa WhatsApp kabla hujatuma pesa, na uchukue vipande 2 vya pakiti moja mbadilishane na hivi, badala ya kujaza sloti zote 4. Zikijaa, spidi hushuka na usumbufu huongezeka. Ila kwa kuchapa, kopi na picha za pasipoti, GB 16 ni nyingi. Hela ya vile vya zamani ikirudi, tungeipeleka kwenye UPS.

Na Windows itakapofunguka, mkiona imeandika GB 16 lakini zinazotumika ni 15.4, au hata 13.9, msimpigie mtu. Sehemu ya picha ya 5600G imejikatia fungu lake humo.